Korali za Masisi na Walikale: umoja tunautaka, lakini karatasi itasainiwa na gavana gani?

Noeli ya 2025 iko mlangoni. Kwa desturi yetu, mwezi wa kumi na mbili njo mwezi wa korali. Mazoezi yanaongezeka, siku ya posho jioni unasikia sauti katika kila kanisa la mabati au la mbao, na korali za makanisa tofauti zinaalikana kwa tamasha. Mwaka huu pia watu wanaimba. Lakini ndani ya mazoezi kuna mazungumzo ambayo yanarudi kila mara, Masisi na Walikale: kwa nini korali zetu haziko na shirika moja la kuzisimamia? Walimu wako na sendika zao, wenye pikipiki wako na chama chao, wakulima wako na ushirika. Waimbaji, ambao pengine ni wengi kuliko wote hao, wako na nini?

Swali hilo linaonekana dogo mbele ya mambo ya vita, bei ya unga na barabara. Lakini ukilifuata mpaka mwisho, utaona linagusa mambo makubwa: nani anaweza kukutanisha watu leo, kwa ruhusa ya nani, kwa lugha gani, na pesa zao ziwekwe wapi. Njo maana tumeona vizuri kulichambua hapa.

Korali ni zaidi ya nyimbo

Tuanze na jambo ambalo kila mtu anajua lakini halisemwi sana. Katika teritware hizi mbili, korali ni moja ya makundi machache ambayo yanakutana kila wiki, yako na orodha ya watu, yako na mwekahazina, na yako na kiongozi ambaye watu wanamsikiliza bila silaha. Mwimbishaji, ambaye wengi wanamuita maestro, anajua nani mgonjwa, nani amefiwa, nani amekimbia na nani amerudi. Kukiwa na msiba, korali njo inafika ya kwanza. Kukiwa na ndoa, korali njo inabeba maji na kupika.

Korali hizo ziko chini ya makanisa mbalimbali. Wakatoliki wako na korali za parokia na za shirika ndogo, chini ya dayosisi ya Goma. Waprotestanti wako chini ya jumuiya zenye namba ndani ya Kanisa la Kristo Kongo, ECC, lililoungana mwaka 1970: ya tatu CBCA, yenye makao makuu Goma, ya nane CEPAC, yenye makao makuu Bukavu, na nyingine. Kuna Waadventista, kuna Wakimbanguisti na fanfare zao. Kila kanisa liko na utaratibu wake. Korali ya parokia inajibu kwa padri na kamati ya liturujia. Korali ya Kiprotestanti inajibu kwa mchungaji na kwa wasimamizi wa nyimbo wa parokia yake.

Maana yake ni hii: korali moja moja haiko na uhai wake mbele ya sheria. Inaishi chini ya karatasi ya kanisa. Kanisa likihama, korali inahama. Padri akibadilishwa na mpya hapendi gita, gita linakaa kimya. Piano iliyonunuliwa kwa mchango wa waimbaji, kwenye orodha ya mali ni ya parokia. Wakati wa amani hilo halisumbui mtu. Shida inaanza wakati watu wanatawanyika.

Vita imevunja nini hasa

Tukumbushe tarehe. M23 ilirudi vitani mwisho wa 2021. Kitshanga ilianguka Januari 2023. Rubaya, mji wa koltani, ilichukuliwa mwisho wa Aprili 2024. Masisi-centre ilichukuliwa mwanzo wa Januari 2025, Sake siku chache kabla ya Goma, na Goma yenyewe mwisho wa Januari. Tarehe 19 Machi 2025 AFC/M23 iliingia Walikale-centre, ikaondoka mwanzo wa Aprili. Mpaka leo Masisi-centre iko chini ya AFC/M23, Walikale-centre iko chini ya serkali ya Kinshasa, na katikati kuna vijiji ambako risasi bado zinasikika na watu hawajui kesho watalala wapi.

Kwa mwimbaji wa Masisi, mfululizo huo ulikuwa safari. Wengi walikimbilia kambi za upande wa Sake na Goma, kama Bulengo na Lushagala. Katika kambi watu walianza upya: chini ya hema, bila ngoma, bila daftari, soprano wa kijiji kimoja na tenor wa kijiji kingine. Korali za wakimbizi zilizaliwa hivyo. Februari 2025 utawala mpya uliwaambia watu wa kambi warudi kwao, na kambi zikavunjwa kwa siku chache. Watu wakarudi, au wakaenda kwa ndugu, au wakakaa njiani.

Hapo kunatokea shida ambayo haiko katika ripoti za mashirika ya msaada. Mahali ambapo wengine walibaki na wengine walikimbia, korali moja inaweza kuwa mbili. Waliobaki wanasema, sisi njo tulilinda kanisa. Waliorudi wanasema, sisi njo tulikuwa korali tangu mwanzo, jina ni letu. Nani abebe jina? Nani awe mwimbishaji? Na kama kuna ngoma moja iliyobaki, ipigwe na nani? Ugomvi kama huo unaweza kuonekana wa kitoto, lakini katika kijiji ambako watu tayari wanaulizana nani alikaa upande gani, hauko wa kitoto hata kidogo.

Kitu cha pili kilichovunjika ni kumbukumbu. Nyimbo mingi za kwetu haziko katika kitabu kilichochapishwa. Ziko katika daftari za wanafunzi, maneno upande mmoja na do-re-mi upande mwingine, au ziko katika kichwa cha mtu mmoja. Mtu anapokimbia usiku anabeba mtoto, sufuria na godoro. Daftari inabaki. Nyumba ikiungua, miaka ishirini ya nyimbo inaungua nayo. Nyimbo za Kihunde, za Kinyanga na za Kikumu njo ziko katika hatari kubwa, ju hizo hazipatikani kwenye simu au kwenye intaneti kama zile za Kiswahili na Lingala.

Cha tatu ni watu wenyewe. Sauti za wanaume zinapungua. Vijana wanaenda kwenye karie: koltani upande wa Rubaya, kasiteriti na dhahabu upande wa Walikale. Wengine wameingia makundi yenye silaha, kwa kupenda au kwa nguvu. Wengine wanajificha wasichukuliwe. Korali mingi leo ni za mama na wasichana, wakati kiti cha mwimbishaji mara nyingi kimebaki cha mwanaume, hata kama yeye mwenyewe haonekani tena kwenye mazoezi. Shirika lolote litakaloundwa bila kuangalia jambo hilo litakuwa shirika la wanaume wachache wanaosema kwa jina la wanawake wengi.

Sheria inasema nini

Sasa tufike kwa karatasi. Mashirika yasiyo ya faida, ASBL, yanaongozwa na sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Kwa maneno mepesi, watu wanaotaka kuunda shirika wanaandika kanuni zao, wanatengeneza orodha ya wanachama na ya viongozi, wanatuma ombi kwa Waziri wa Sheria, wakipitia pia wizara inayohusika na kazi yao. Kwa walio katika jimbo, gavana anaweza kutoa ruhusa ya muda ya kufanya kazi, ya miezi sita. Miezi sita ikipita bila jibu, sheria inahesabu kwamba shirika limepewa haki yake. Mashirika ya kidini yako na masharti yake ya ziada.

Kwenye karatasi, hilo si jambo gumu. Lakini kwa kwetu kuna maswali matatu.

La kwanza: kweli tunahitaji ASBL? Korali ya parokia haiihitaji, ju iko tayari chini ya kanisa. Umoja wa korali za Kikatoliki ndani ya dayosisi hauihitaji pia, askofu anaweza kuuanzisha kwa barua. Inayohitaji karatasi ya serkali ni ile ndoto ya watu wengi: shirika la kuunganisha korali za makanisa yote, za teritware mbili, lenye akaunti yake, mali yake na uwezo wa kuomba msaada kwa jina lake.

La pili ni umbali. Kinshasa iko kama kilomita 1,500 kutoka Goma kwa ndege, na uwanja wa ndege wa Goma umefungwa tangu vita iingie mjini. Ombi la korali ya Nyabiondo au ya Mubi lifike kwa waziri kwa njia gani, na nani alifuatilie kule?

La tatu njo zito kuliko yote. Gavana yupi?

Magavana wawili, barabara moja

Tangu Februari 2025, Kivu ya Kaskazini iko na magavana wawili. Kinshasa ilimteua Jenerali Évariste Somo Kakule mwisho wa Januari, na ofisi za jimbo zikahamia Beni. AFC/M23 ilimweka Joseph Bahati Musanga Goma mwanzo wa Februari. Kila mmoja anasaini karatasi, kila mmoja iko na wasimamizi wa teritware, na hakuna anayetambua sahihi ya mwenzake.

Fikiria sasa shirika la korali za Masisi na Walikale. Wakichukua ruhusa Beni, wanachama wao wa Masisi-centre wataonekana kama watu waliojiandikisha upande wa serkali. Wakichukua ruhusa Goma, wanachama wa Walikale wataonekana kama watu waliotambua utawala mwingine. Wakichukua zote mbili, watashukiwa na wote wawili. Orodha ya wanachama, ambayo sheria inaidai, inakuwa orodha ya majina ya watu na mahali wanapokaa, mikononi mwa upande mmoja wa vita. Mtu anayeishi hapa anaelewa hatari ya orodha kama hiyo bila kuelezwa.

Kwa hiyo tunafikiri wale wanaoharakisha kupeleka nyaraka leo wanakosea wakati. Azimio la kanuni lilisainiwa Doha Julai 2025, mkataba wa mfumo ukafuata Novemba, na marais wa Kongo na Rwanda walisaini Washington tarehe 4 Desemba. Hata hivyo swali la nani atatawala maeneo haya, na lini, bado liko mezani. Karatasi itakayosainiwa leo inaweza kuwa mashtaka ya kesho. Lakini kusema wakati bado si kusema tukae tu. Tutarudi hapo.

Wengine wamefanyaje

Jirani zetu wako na mifano ya kuangalia, bila kuiga tu.

Tanzania, Wakatoliki wako na UKWAKATA, Umoja wa Kwaya Katoliki Tanzania. Umejengwa kutoka chini: parokia, jimbo, taifa. Nguvu yake ni kwamba haukuzaliwa nje ya kanisa. Uko juu ya ngazi ambazo tayari zilikuwepo. Udhaifu wa njia hiyo, kwa sisi, ni kwamba unaunganisha kanisa moja tu.

Kenya ilichukua njia ya mashindano. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927 na leo linabeba zaidi shule: ngazi kwa ngazi mpaka taifa. Faida yake ni walimu. Mwalimu anayetaka wanafunzi wake washinde analazimika kujua kusoma muziki. Kasoro yake ni gharama za safari na ule moto wa kushindana. Kwetu, ambako mashindano ya mpira kati ya vijiji viwili yanaweza kuamsha maneno ya zamani, tamasha bila zawadi lingefaa zaidi.

Kinshasa wanacho kitu kingine: vikundi vyenye majina makubwa. Orkestra ya Simfoni ya Kimbanguiste, iliyoanzishwa 1994 na Armand Diangienda, iko na korali yake na imeonyeshwa dunia nzima kwa filamu ya 2010. Chœur La Grâce ya Ambroise Kua-Nzambi Toko imeimba nje ya nchi na kuingia katika duru za Shirikisho la Kimataifa la Muziki wa Korali, lililoundwa 1982. Hayo ni ya kujivunia. Lakini shirikisho la taifa linalokaa mji mkuu linakuwa la mji mkuu. Mafunzo yanafanyika huko, wajumbe wanachaguliwa huko, na mtu wa Pinga anasikia habari baada ya mwaka, kwa WhatsApp, kama iko na mtandao. Neno "taifa" halimpi mtu tiketi ya ndege.

Na kuna somo la zamani, la haki ya nyimbo. Mwaka 1958, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, na kikundi cha Les Troubadours du Roi Baudouin walirekodi Missa Luba. Misa hiyo ilizunguka dunia. Mwaka 1990 Muungano National Choir ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, iliirekodi tena. Leo wengi wanajua jina la padri. Majina ya waimbaji, ambao sauti zao na namna yao ya kuimba njo zilifanya misa iwe ya Kongo, ni wachache wanaoyajua. Kongo iko na sheria ya haki za mwandishi tangu 5 Aprili 1986, na SOCODA njo inakusanya haki hizo. Lakini mtungaji wa Masisi asiyejiandikisha popote, ambaye wimbo wake unaimbwa mpaka Kisangani, hapati hata shukrani. Shirika la korali lingeweza kufanya kitu kimoja rahisi: kuandika nani alitunga nini, mwaka gani, kwa lugha gani. Hiyo haihitaji sahihi ya gavana.

Hatari tatu ndani ya umoja

Umoja ni neno tamu, lakini tusijidanganye. Ndani yake kuna hatari tatu.

Ya kwanza ni siasa. Wazee wetu wanakumbuka animasio politiki ya wakati wa Mobutu, wanafunzi na wafanyakazi wakichezeshwa na kuimbishwa sifa za kiongozi. Wanakumbuka pia kwamba mwaka 1974 serkali iliondoa Noeli kwenye siku za mapumziko. Korali ziliendelea kuimba Noeli ndani ya kanisa. Leo pia kila mkubwa anapenda kupokelewa na nyimbo. Korali moja ikikataa, ni shida ya korali moja. Lakini shirika lenye rais na katibu linatumiwa barua: leteni waimbaji mia mbili kwa mkutano. Rais wa shirika akikubali, amewaingiza wote. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya umoja wowote iwe hii: hatuimbi kwa mikutano ya upande wowote, na hakuna kiongozi wetu mwenye haki ya kuahidi hivyo kwa jina letu.

Ya pili ni lugha. Vita ya 1993 ilianzia soko la Ntoto, Walikale, ikapanda Masisi. Tangu wakati huo swali la nani ni mwenyeji halijalala. Korali inayoimba Kihunde na Kinyarwanda siku moja ya Mungu imefanya kazi ambayo mikutano mingi ya amani haikufanya. Lakini lugha inaweza pia kuwa fimbo: korali inanyimwa nafasi ju ya lugha yake, au inalazimishwa kuimba lugha fulani ili kumfurahisha mwenye nguvu. Kiswahili kitabaki cha kutuunganisha. Kila lugha nyingine ipewe zamu, kwa kanuni iliyoandikwa, na si kwa huruma ya maestro. Wakatoliki wako hapa na msingi mzuri: Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungulia muziki wa watu mlango mwaka 1963, na misale ya Zaire ilikubaliwa na Roma mwaka 1988. Kama Roma ilikubali ngoma na namna ya Kiafrika, sisi kwa sisi tutashindwa kukubaliana Kihunde, Kinyanga na Kinyarwanda?

Ya tatu ni pesa. Tufanye hesabu ndogo. Korali ya watu 40, kila mmoja akitoa franga 500 kwa mwezi, inapata franga 20,000. Korali kumi zinapata 200,000 kwa mwezi, na kwa mwaka franga milioni mbili na laki nne. Hizo zinaweza kununua karatasi, nyuzi za gita, na kusaidia wafiwa kadhaa. Lakini ziwekwe wapi? Benki za Goma zilifunga milango Januari 2025, na Walikale vijijini hazikuwepo. Inabaki simu. Akaunti ya simu iko kwa jina la mtu mmoja, namba ya siri iko kichwani mwake, na simu inaweza kuporwa kwenye barrière. Michango mikubwa kwa sasa ni kutafuta ugomvi. Ni afadhali kila korali ibaki na kasha lake, na umoja uwe na mfuko mdogo sana wa msiba na wa karatasi, unaosomwa mbele ya wote kila baada ya miezi mitatu.

Kinachowezekana bila kungoja

Makanisa yenyewe yameonyesha njia. Mwanzo wa 2025 maaskofu wa CENCO na wakubwa wa ECC walianzisha pamoja mkataba wao wa kijamii kwa amani na kuishi vizuri pamoja, na Februari wajumbe wao walifika Goma kuongea na AFC/M23, baada ya kuongea Kinshasa. Watu walilaumu, wengine walisifu. Lakini ilionekana kwamba makanisa ni kati ya taasisi chache ambazo bado ziko na watu pande zote mbili za mstari. Parokia ya Masisi na parokia ya Walikale hazikuacha kuwa parokia ju magavana wamekuwa wawili.

Kwa msingi huo, umoja wa korali unaweza kuanza chini ya kivuli cha makanisa, kwa makubaliano yaliyoandikwa kati ya parokia, bila kuwa ASBL kwa sasa. Kazi nne zinatosha kwa mwaka wa kwanza.

Moja, kuokoa nyimbo. Kila korali ipige picha daftari zake, na nakala zikae mahali patatu: kwenye parokia, kwa mwimbishaji, na kwenye redio. Redio za jamii ziko na mashine za kurekodi. Wimbo wa Kinyanga uliorekodiwa mara moja, hata kwa simu, hauungui tena na nyumba.

Mbili, kumaliza ugomvi wa korali zilizogawanyika. Waliobaki na waliorudi wakae pamoja mbele ya mzee wa kanisa na mama mmoja wa kila upande. Jina libaki la wote, vifaa viandikwe, uongozi uchaguliwe upya baada ya miezi sita.

Tatu, kufundisha waimbishaji. Nusu ya shida zetu za muziki ni kwamba mtu mmoja tu anajua kusoma do-re-mi, na akikimbia korali inakuwa kiziwi. Kila korali ichague wawili wa kufundishwa, na mmoja wao awe mwanamke. Walimu wako: maseminari, walimu wa shule, wazee waliofundishwa na wamisionari. Mafunzo yafanyike Masisi kwa ajili ya Masisi na Walikale kwa ajili ya Walikale, mpaka barabara itakapokuwa salama. Kupeleka vijana kwenye njia ya hatari kwa ajili ya semina ya siku tatu si uongozi.

Nne, mfuko wa msiba. Korali zinasafiri, na safari inaua. Mei 2011, korali maarufu ya Waadventista wa Rwanda, Ambassadors of Christ, ilipoteza watu watatu kwa ajali ya barabara Tanzania, na hiyo ilikuwa korali kubwa yenye marafiki kila nchi. Korali ya kijiji ikipata ajali kwenye mlima wa barabara ya Sake, wafiwa wanaachiwa nani?

Wakati hayo yanafanyika, kanuni za shirika la kesho zinaweza kuandikwa polepole, zikasomwa katika kila korali na kusahihishwa. Siku moja jimbo litakuwa tena na gavana mmoja. Siku hiyo, shirika lililo na nyimbo zilizookolewa, waimbishaji waliofundishwa na hesabu safi litahitaji tu kupeleka bahasha. Lile lililoanza na bahasha, likiwa halina kitu kingine, litapata muhuri na litakaa nao.

Kwa Noeli hii, hakuna anayeweza kutoka Walikale kwenda kuimba Masisi bila kufikiri mara mbili. Lakini hakuna kinachozuia korali mbili, moja huku na moja kule, kujifunza wimbo mmoja na kuuimba usiku uleule. Wakipenda, watutumie sauti zao kwa simu. Tutazipiga hewani moja baada ya nyingine, bila kusema ipi imeshinda.